Loga Ndani ya Kapu

Jamani, kuna kifungo kisicho na pingu. Cha Verediana, mtunga programu, kilikuwa chumba chenye kompyuta na feni mbovu, kwenye ofisi ya mradi wa mpunga pale Ifakara, mwishoni mwa masika ya mwaka tisini na tisa. Jumamosi hiyo alitakiwa awe njiani kwenda Mahenge. Kesho yake binti yake Rosemery, anayelelewa na bibi, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Krismasi mama hakwenda, kazi. Pasaka hakwenda, kazi. Safari hii aliapa.

"Hutoki hapa mpaka mfumo ukae sawa," alisema bosi wake, Nikodemu, funguo za pikipiki ya ofisi zikining'inia kidoleni. "Jumatatu wafadhili wanakuja. Niwaonyeshe nini, miguu yangu?"

"Bosi, kivuko kinafunga saa kumi na mbili."

"Basi fanya haraka."

Roho gani hiyo!

Ubovu wenyewe ulikuwa hivi. Kila karani aliyeingiza habari za wakulima alifunguliwa kapu lake ndani ya mfumo, na alichoandika kilikaa humo. Umeme ukikatika, maana masika miti haikomi kuangukia nyaya, kompyuta kubwa ya betri ilitakiwa iyafunge makapu yote, iyahifadhi, kisha umeme ukirudi iyafungue yalivyokuwa. Hayakuwa yakirudi. Karani Balbina alishapoteza kazi ya kijiji kizima cha Kisawasawa, na siku hizi hata salamu ya Verediana alikuwa haitikii.

Verediana alitafuta kosa tangu asubuhi. Mashine ilikaa kimya tu, na yeye jasho linamtoka, shati limemganda mgongoni.

Saa tisa redio ya upepo ya ofisi ikakoroma. Alikuwa Rosemery, akiongea kutoka parokiani.

"Shikamoo mama. Unakuja? Ova."

"Marahaba mwanangu. Nakuja, nimekununulia na viatu vyeupe. Ova."

"Usibebe kitu, mama. Viatu vipo, bibi ameshanunua huku. Ukianza kubebabeba utachelewa tena. Njoo wewe tu. Gari la padre litakusubiri ng'ambo ya mto mpaka giza. Ova."

Lile "tena" lilimchoma. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akarudi kitini. Usibebe kitu, viko huku. Akaanza kuyapekua makapu upya, safari hii akikiuliza kila kilichomo: wewe umebebwa wa nini?

Akamkuta loga. Loga ni kipande cha programu kinachoandika pembeni kila linalotokea: nani kaingia, kipi kimekwama. Nikodemu alitaka kumchunga kila karani, ndipo Verediana akamtia loga ndani ya kila kapu. Sasa loga kashikilia faili lililo wazi kwenye mashine, utamfungaje? Ni kama kuhama nyumba ukataka uondoke na bomba la maji. Mashine ikimfikia yeye, ilikuwa inatupa kapu zima.

"Mjinga mimi!" alisema kwa sauti.

Akaiagiza mashine imwache loga wakati wa kufunga, na kapu likifunguliwa lichukue loga mwingine palepale. Akaizima, akaiwasha. Kazi ya Balbina ikarudi yote, hadi mkulima wa mwisho.

Nikodemu alipiga makofi. "Safi sana! Sasa kaa na kesho. Mfumo ukiharibika tena, nani atauweza?"

Verediana alimtazama. Kumbe kulitengeneza kosa hakukuwa mlango wa kumtoa kwenye kifungo hiki.

"Balbina nimeshamwonyesha namna ya kuwasha. Mimi naenda."

"Kwa pikipiki ya nani?" Funguo zikaingia mfukoni.

Alikodi baiskeli na mwendeshaji wake, akakaa nyuma, begi mapajani, matope mpaka magotini. Alipofika mtoni pantoni lilikuwa limefungwa upande wa pili. Amekwama, kwa mara nyingine! Alipiga kelele hadi mzee mmoja mwenye mtumbwi akamsogelea.

"Mtu nitamvusha," mzee alisema. "Mzigo hapana, maji yamejaa."

Verediana aliliangalia begi lake. Nguo ya kanisani, viatu vyeupe, vyote vilikuwa humo. Akamwachia mama mmoja muuza samaki, akaingia mtumbwini.

Ng'ambo, gari la padre liliwasha taa, likaanza kugeuza. Mle mtumbwini, mikono mitupu ya Verediana ikapaa juu.

"Nakuja!" alipiga kelele. "Nakuja mimi tu!"

Gari likasimama.