Maji ya Nyumbani kwa Wilhelmina

Saa nne asubuhi pale Somanda, pamba ilikuwa kivulini na watu juani. Ndivyo Deogratias alivyotaka. Msimu huo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na yeye alikuwa mtu binafsi kwelikweli: banda la bati jipya, saa kubwa mkononi, na mke, Wilhelmina, aliyekuwa akipanda basi mpaka Mwanza kusuka nywele tu.

Salu alikuwa kwenye foleni na kichanga kifuani. Hakuwa amekunywa kitu tangu atoke kwao, na maziwa yalikuwa yamekauka. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Kisima kilikuwa mbali, na ukitoka kwenye foleni unarudi mkiani.

Foleni iliposogea mpaka kibarazani kwa Wilhelmina, ubavuni mwa banda, Salu akamwamkia Kisukuma kama mama, akanyoosha kikombe: "Mwangaluka, mayu. Naomba maji ya kunywa."

"Maji!" Wilhelmina akacheka. "Nawajua nyie. Mkipewa maji mnamwagia pamba iwe nzito."

"Ya kunywa, mayu. Mtoto hana maziwa."

"Wote mnasema hivyohivyo."

Na kweli wapo waliomwagia. Luhaga, aliyesimama nyuma ya Salu, alimwagia yake, akaongeza na mchanga. Lakini Luhaga hakuwa na kiu.

Kabla ya saa sita maji yakatoka ndani ya nyumba ya Wilhelmina. Yalipanda ukingo wa mtungi, yakapita chini ya mlango, yakakata uwanja yamenyooka kama kamba, yakapanda kwenye kikombe cha Salu. Akanywa. Kikombe kikajaa tena.

"Aa, hayo maji yasiruke foleni," akasema Luhaga. "Na sisi tupo."

Maziwa yakashuka. Mtoto akanyonya mpaka akalala.

Deogratias akatoka bandani. "Nani ameyaita?"

"Yamekuja yenyewe, baba."

Akaingiza mkono kwenye gunia la Salu. Pamba ilikuwa kavu kama unga.

"Imekaa karibu na maji," akasema. "Rudi nyuma."

Salu akaburuta gunia mpaka mwisho wa foleni. Pamba ya Luhaga ikapimwa, tena kama daraja la kwanza.

Jioni ile Deogratias alinunua pipa lenye mfuniko, akayahamishia maji ya mtungi humo. Kesho yake maji yakauinua mfuniko. Wakaweka jiwe, yakainua na jiwe. Wilhelmina akaona isiwe taabu, akapanda akaukalia mfuniko mwenyewe, na hapo maji yakashindwa. Akashinda hapo kutwa nzima, miguu inaning'inia, wageni akiwasalimia bila kunyanyuka. Maji yalikuwa yanamgonga makalio. Shemeji yake alipomuuliza kama hayamsumbui, alisema ni kama mimba inapocheza, ukizoea huhisi kitu.

Nje, siku ya pili sasa, Salu alikuwa bado hajafika kwenye mzani, na mtoto wake akaanza tena kulia.

"Hao watu na watoto wao, kelele tu," Wilhelmina akasema, akajiweka vizuri juu ya mfuniko.