Maoni ya Ng'washi juu ya Ng'ombe Msemaji

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama nimetia chumvi hata punje moja, basi meno yangu matatu yaliyobaki yadondoke kabla ya chakula cha jioni.

Mwaka 1976 nilikuwa dereva wa lori la vitabu vya elimu ya watu wazima, Iringa hadi Mbeya. Lori lile lilikuwa na nguvu, pale Mafinga malori ya mbao yakikwama nilikuwa nayavuta matatu kwa mpigo. Hilo tuliache.

Mwaka huo lilibaki sanduku moja la vitabu, na vijiji viwili vinalitaka. Kimoja cha mlimani, juu ya Mbeya, watu wa viazi na kanisa. Kingine cha Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Bwana Timotheo, mratibu kutoka Iringa, akakata shauri: vijiji vyote visome kitabu kimoja, kile cha watoto cha ng'ombe msemaji, kisha kila kijiji kilete mtu mmoja atoe maoni. Atakayemshinda mwenzake kwa hoja, sanduku ni la kwao.

Kitabu chenyewe kila shule ilikuwa nacho. Ng'ombe anaongea kama mtu. Anamwokoa mwenye zizi na wezi, na njaa, hata barazani kwenye kesi. Mwishoni ananyamaza, hasemi tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku ikafika, tukajaa darasani mjini Mbeya. Akaanza Saulo, mkulima wa viazi, mwalimu wa Jumapili, sauti yake inatikisa mabati. Akasema kitabu kinafundisha umoja na bidii, na kwamba ng'ombe alinyamazishwa kwa sababu ya kiburi. Watu wa mlimani wakapiga makofi mpaka chaki ikadondoka ubaoni.

Ndipo akasimama Ng'washi. Mama wa miaka hamsini na ushee, alijifunza herufi kwa kuzichora kwa fimbo kwenye vumbi la zizi. Wenzake wa bondeni walimwambia waziwazi: ukirudi bila sanduku, kisomo kimekufa, maana kitabu kingine hatuna.

"Kwanza," akasema, "nani alichora picha hii? Ng'ombe hana nundu."

Saulo akacheka. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe anaongea, wewe unaona nundu tu?"

"Kuongea nimekubali. Nundu ndiyo imenishinda."

Darasa likaangua kicheko. Hata Bwana Timotheo alijificha nyuma ya karatasi zake.

"Pili, hapa ni jua la utosi, katoka malishoni, kalala kivulini, eti anapiga soga. Saa hiyo ng'ombe anacheua. Kwenu mlimani mnaongea na chakula mdomoni?"

"Mayu, hayo ni maoni ya mchunga ng'ombe," Saulo akasema. "Sisi tunatafuta fundisho."

"Nakuja huko, mwalimu." Akafunga kitabu, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayemtuliza mnyama. "Nimekisoma mara kumi na moja. Wewe unasema alinyamazishwa kwa kiburi. Mimi nasema alichoka. Wanamwambia tuokoe, anaokoa. Wanamwambia twende barazani, anakwenda. Sasa niambie, katika kitabu kizima, nani alimuuliza yeye jambo? Hata usiku umelalaje, hakuna. Wamepewa ng'ombe anayejibu, wakakosa la kumuuliza. Hata jina hawakumpa. Mimi nina ng'ombe ishirini wasiosema, na kila mmoja namwita kwa jina lake."

Na hapa naapa tena: fahali wa jirani aliyekuwa dirishani alitikisa kichwa mara tatu.

Saulo akachukua kitabu. Akalowesha kidole, akafunua kurasa moja moja, tangu mwanzo. Tukangoja. Alipofika jalada la nyuma akakiweka chini taratibu.

"Hakuna," akasema. "Miaka yote nafundisha kitabu hiki, na kweli hakuna aliyemuuliza. Ndugu mratibu, mpeni mama sanduku lake."

Akalibeba mwenyewe, begani, mpaka kwenye lori. Watu wa mlimani wakamfuata wakiimba, maana hata aliyeshindwa siku ile alijiona ameshinda kitu.

Kijijini bondeni walitupokea kwa vigelegele. Ng'ombe walitolewa zizini kuja kulitazama sanduku. Mzee Nkuba, mwenyekiti, akauliza ushindi ulipatikanaje. Sasa mimi na mdomo wangu nikadakia.

"Nilimfundisha mimi, mzee, humu humu kwenye lori. Nikamwambia, mayu, kazia pale pa kuulizwa. Kitabu kile nakijua kama kiganja changu."

Ng'washi akanigeukia, mpole kabisa. "Ndugu Joachim, hebu wakumbushe wenzangu. Yule ng'ombe alikuwa dume au jike?"

"Dume," nikasema, "tena la pembe ndefu."

Wanawake wakashikana mabega kwa kucheka. Kumbe sura ya tatu anazaa.

"Amebeba vitabu miaka sita," Ng'washi akasema, "hajafungua hata kimoja."

Ilikuwa kweli. Shule sikuipata, nilijua kusoma vibao vya barabarani, basi.

Mzee Nkuba akasema kwao mwongo hutozwa ng'ombe. Nikasema sina ng'ombe.

"Yupo humu sandukuni," Ng'washi akajibu. "Utatusomea huyu, tangu pembe mpaka mkia."

Lori lilisimama siku tatu. Nilisoma mbele ya kijiji kizima, kidole chini ya neno, jasho likinitoka, Ng'washi pembeni akinirudisha kila nilipojaribu kuruka mstari. Jioni ya tatu nikafika pale anapozaa. Wakapiga vigelegele kama kwa ndama wa kweli, nami, bila kuambiwa na mtu, nikafunua ukurasa uliofuata.