Damu ya Kulinganishia

Kila baada ya miezi mitatu mdogo wake alikunja mkono wa shati, akamnyooshea dada yake mkono huku akilalamika.

"Dada, sindano yako leo kali!"

"Kaza roho, mwanaume mzima!"

Dada alikuwa mpima damu hospitalini. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alipiga picha za eksirei chumba cha pili. Kazi yenyewe dada ndiye aliyemtafutia. Mionzi si mchezo: hudhoofisha vimeng'enya, vile vitu vidogo vinavyolinda chembe za damu. Ndiyo maana alimpima. Na ili ajue kiasi cha mtu mwenye afya, alilinganisha na damu yake mwenyewe. Nani mwingine angekubali kudungwa bure?

"Ngoma droo!" alitangaza kila mara vipimo vyao vilipolingana, na mdogo wake akarudi kazini akipiga mluzi. Miaka sita, droo tupu.

Safari hii alikuja amepauka, fizi zinamtoka damu. Mkewe alimsindikiza, hataki utani.

"Wifi, mpime vizuri. Simwelewi kabisa huyu."

"Kaa na wewe nikutoboe, tuone nani mbabe," dada akamtania wifi yake ili kumtoa hofu.

Vimeng'enya vya wifi vikasoma maradufu ya vile vya mumewe. Na maradufu ya vya dada mwenyewe.

Mashine imeharibika hii, alijisemea. Akarudia. Akaosha vyombo, akarudia tena. Mashine nzima kabisa. Ndipo akageuka kuutazama ukuta nyuma ya kiti chake. Upande wa pili ndiko eksirei ilikopigwa kutwa, na yeye ameuegemea miaka yote hiyo akipumzisha mgongo. Lo! Kumbe alikuwa akipima mgonjwa kwa mgonjwa. Angeweza kumwachisha kazi ile mapema. Badala yake alimrudisha mle ndani kwa mikono yake mwenyewe, tena akicheka.

"Vipi, dada?" Mdogo wake, aliyekuwa akisubiri nje na mkewe, alichungulia mlangoni, akitabasamu kwa shida. "Droo?"



"Droo, mdogo wangu," akasema, akaangua kilio. "Ukuta huu haukuzuia kitu. Tumeumia wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nakwambia u mzima."

Mdogo wake aliutazama ukuta. Kisha akakivuta kile kiti kutoka ukutani mpaka dirishani, taratibu, akipumzika njiani mara mbili, akamkalisha dada yake.