Nyumba Isiyopakwa Mstari

"Usiniguzie nguzo yangu mpaka uniambie hiyo rangi ya nini," alisema Bi Mwanaidi, amesimama mlangoni na ungo kiunoni.

Kondo alikwisha chovya brashi. Rangi nyekundu, ileile anayopaka matumbo ya mitumbwi, ilimdondokea kwenye kandambili.

"Ni maagizo, mama mkubwa."

"Ya nani?"

"Ya wakubwa."

"Mkubwa wako si mimi hapa? Mimi sijakuagiza."

Kondo akapaka mstari wake usawa wa goti, akahamia nyumba ya pili.

Mtu huyu alikuwa fundi wa mitumbwi kwa miaka thelathini, na mwenyekiti wa kitongoji cha Nyamtope, huko deltani, kwa miezi minne tu. Walimchagua kwa ukimya wake. Mpinzani wake alihutubia tangu adhuhuri hadi alasiri, na inasemekana kuku wawili waliokuwa karibu waliacha kutaga mpaka mwezi ukaandama. Kisha Kondo akaitwa semina Kibiti, siku mbili, habari za mawasiliano kwa viongozi. Akafundishwa kwamba kiongozi husema kwa ufupi, hutoa tamko moja, wala harudi nyuma. Akarejea na cheti, na kipaza sauti, na habari nzito: mto umefura huko bara, maji yatafika kabla ya wiki kwisha. Kila nyumba iwekwe alama ya kimo cha maji, na mpunga wa chakula na wa mbegu uhamishwe.

Jumatatu ile akazunguka na kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mwisho wa kuhamisha mpunga ni Ijumaa. Hilo ni tamko."

Alilifupisha tamko hata maji yenyewe yakabaki nje.

Sasa, watu wa Nyamtope si wajinga. Walijua kwamba nyumba ikishapakwa rangi nyekundu, kinachofuata ni tingatinga. Tena wakahesabu nyumba, wakaona moja haikupakwa, nayo ni ya mwenyekiti. Ilikuwa juu ya kilima kidogo, mstari ungepita chini ya kizingiti chake, kwa hiyo Kondo hakuona sababu ya kuipaka. Wala ya kueleza.

Ilipofika alasiri jambo lilikwisha ota ndevu. Zabibu wa kisimani alisema wanakuja watu wa kufuga kamba. Mzee Abdulazizi akaapa ameliona gari la vioo vyeusi karibu na bandari ya mitumbwi.

"Limepitia wapi, mzee, na hapa hata baiskeli haifiki?"

"Hilo ndilo la kujiuliza."

Kesho yake mistari yote ilikuwa imekwanguliwa kwa mapanga. Msikitini walisimama na Kondo bega kwa bega, maana dini haitaki pengo, lakini baada ya sala mkono wake ulibaki hewani. Betri za kipaza sauti zikapotea. Kondo naye akaanza kuwatazama watu kwa pembe ya jicho. Wanawake wawili wakicheka njiani, alipunguza mwendo asikie wanamcheka nani.

Jumatano akarudi kazini kwake, chini ya kibanda cha makuti, kwenye mtumbwi wa Bi Mwanaidi. Mwenyewe akaja.

"Nimefuata mtumbwi wangu."

"Haujaisha. Tumbo bado nene."

"Utaelea hivyohivyo. Sijui wiki ijayo utakuwa fundi wetu au wa hao waliokununua."

Kondo aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa tezo yake ya kuchongea, akainamisha kichwa, akachonga kibanzi kimoja, akagonga tena. Sauti ilitoka nzito, kisha ikaanza kuwa nyepesi.

"Unagonga nini?"

"Nausikiliza. Unene wa mti hauonekani kwa macho. Ukichonga bila kusikiliza, unatoboa."

Bi Mwanaidi akacheka kwa pua. "Na sisi ulitugonga wapi kabla hujatupaka?"

Tezo ikabaki juu.

"Mama mkubwa," alisema Kondo taratibu, "maji yanakuja. Jumamosi, labda kabla."

"Maji?"

"Ndiyo ule mstari. Kimo cha maji."

"Wewe Kondo. Umezunguka na lile gunda lako la betri kijiji kizima, maji hukuyataja hata tone."

"Tuliambiwa tufupishe."

"Na nyumba yako?"

"Haifikiwi."

"Umemwambia nani?"

Hakuwa amemwambia mtu.

"Halafu mstari wako wenyewe wa uongo," alisema Bi Mwanaidi. "Mafuriko yaliyopita yalinifika hapa." Akaweka kiganja kifuani.

Mchana ule Kondo alitoka bila rangi wala kipaza sauti. Nyumba kwa nyumba alikaa kizingitini, akauliza swali moja, maji yale yaliishia wapi, kisha akanyamaza. Kunyamaza kule kulimchosha kuliko kuchonga. Zabibu alisogeza kabati, akamwonyesha alama ya tope ukutani, usawa wa kifua, akamsimulia habari za mbuzi wake aliyekaa siku nne juu ya paa, akashuka hataki tena majani, anataka makuti.

Mzee Abdulazizi alikataa kuonyesha.

"Ukishajua maji yalipofika, utajua pa kuanzia kubomoa."

Kondo alikaa mpaka kahawa ikaletwa, akanywa, akakaa tena.

"Haya, tuseme yanakuja," alisema mzee. "Watoto tutawapeleka Ruaruke kwa ndugu. Magunia nayo? Mitumbwi haitoshi, na hapa kote ni bonde."

Jibu la semina lilikuwa ulimini: suala linashughulikiwa. Kondo akalimeza.

"Sijui. Labda kwangu, kule hata yale yaliyopita hayakufika."

"Kwako," Abdulazizi alirudia, kama aliyeshika mguu wa mwizi dirishani. "Ndiyo maana hukuipaka."

Hata hivyo, Alhamisi magunia yalipanda kilimani. Kitanda cha Kondo kilitoka nje, na mkewe Swaumu akatoka nacho huku akisema yake. Mzee Abdulazizi alileta kufuli lake, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Bi Mwanaidi, ambaye hakumwamini Abdulazizi, akaleta la kwake. Hadi jua linazama mlango ulikuwa na mnyororo na makufuli matano.

Ijumaa asubuhi Kondo alikumbuka kanzu yake iko ndani. Wenye funguo wakaitwa. Wanne wakaja. Wa tano, Zabibu, alikuwa bado njiani kutoka kupeleka watoto.

"Hiyo kanzu ina mifuko?" aliuliza Abdulazizi.

"Mmoja."

"Basi tutaingia wote."

Wakasubiri pale mlangoni, hakuna aliyekaa. Chini yao maji ya mkono wa mto, ambayo saa ile yangekuwa yakijaa kutoka baharini, yalikuwa yakienda upande mwingine, mekundu kwa tope la bara, kimya, yakipitisha bua la hindi na mizizi yake, kisha la pili, kisha shamba zima.