Nani Kaniua Kabla Sijamaliza Kusimulia

Usiku wa jana niliota nimeuawa, na nyumba yangu imejaa watu mpaka nikafurahi.

Mwanzo sikujua kama nimekufa. Nilijua tu kuna shughuli. Nilitoka chumbani nikakuta ukumbi mzima umetandikwa mikeka, wanawake wa Muheza wote wamenyoosha miguu, na nje wanaume wamejipanga kwenye mabenchi wakikohoa kwa zamu. Uani masufuria makubwa yamepanda mafiga. Moyo ukanijaa. Mimi nyumba ikiwa na watu watatu naona kama imehamwa.

Nikamwinamia shoga yangu Mama Rukia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Wangu mimi?"

"Kwani kuna Mama Tunu mwingine mtaa huu? Umeuawa asubuhi hii. Pole sana, mwenzangu."

"Nishapoa," nikasema.

Nikapokea kisu na beseni la vitunguu, nikakaa kumenya. Msibani mtu hakai bure, hata kama msiba ni wake.

Ikawa kuniua wameniua vibaya. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mgongo nimeupa uani, nawasimulia wenzangu habari moja nzuri sana. Nikapigwa kabla sijafika kwenye jina la mwenye habari. Hicho ndicho kilichowaliza wengi.

"Hata hatujui alikuwa anamsema nani!" Mama Rukia analia, kanga mdomoni. "Shoga, kabla hatujaendelea, alikuwa nani yule?"

"Sikumbuki. Nimekufa."

"Mungu wangu, hasara hii!"

Mama Hiza, muuza vitumbua, ndiye anayetuongoza akina mama kwenye kila jambo, la harusi na la kilio. Akasimama, akafunga kanga kiunoni, akasema aliyefanya hivi tutamjua leo leo. Akaniambia nigeuke auone mwili. Nikageuka. Mgongoni nilikuwa na alama ya mwiko, pana, yenye punje za wali.

Mwiko wenyewe ulikuwa umesimama kona ya jiko.

"Nani alikushika?" Mama Hiza akauliza.

"Sisemi neno mpaka wakili wangu afike," mwiko ukajibu.

"Wakili wako nani?"

"Kinu."

Sote tukakitazama kinu kule nyuma ya choo. Kinu hakitembei. Tukaliacha hilo.

"Polisi wameitwa?" nikauliza.

"Kofia imeshafika," akasema Mama Rukia. "Mwenyewe bado yuko njiani."

Kweli, kofia ya polisi ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mgeni, imewekewa chai na andazi.

"Uchunguzi unaendelea," kofia ikasema, ikaomba sukari.

Hapo birika likapanda juu ya meza na kusafisha koo. Ndilo hakimu. Sikuambiwa na mtu, nililijua tu kwa jinsi lilivyoshika kiuno.

"Sheria ya mauaji ya mji mdogo ni hii," likasema. "Muuaji lazima awe humu humu ndani, hatutafuti mtu wa mbali. Muuaji ni yule asiyeshukiwa kabisa. Na kazi hii ni ya akina mama. Wakimpata kabla ubwabwa haujapakuliwa, marehemu anarudi kwake kufua nguo zake. Ubwabwa ukishapakuliwa, marehemu anazikwa, na habari yake anakwenda kuimalizia huko huko."

Nikakitazama kisu changu. Nina nguo nimeloweka tangu juzi. Nina Tunu hajui hata kuunga mchuzi. Nina maneno mengi sana sijayasema. Nikaomba Mungu wali uchelewe.

"Jamani, bado tu hakijaiva?" sauti ikaita kutoka nje.

Alikuwa Mzee Semkunde, mwenyekiti wetu wa misiba. Kila mtu mjini kwetu akifa, Mzee Semkunde ndiye hupanga mabenchi, hupokea wageni na kuwatuma vijana makaburini. Bila yeye hatuwezi kuzikana.

"Bado, mzee wetu!" wanawake wakaitika kwa heshima.

Sasa tatizo likawa kwenye hiyo sheria ya pili. Kwa kuwa muuaji ni asiyeshukiwa, hakuna aliyekubali kutoshukiwa. Ukumbi mzima ukanyoosha mikono.

"Nishukuni mimi! Nilimsema vibaya Jumanne!"

"Mimi zaidi! Nilimwambia kitenge kimempendeza, na hakikumpendeza!"

"Mimi nina ungo wake tangu mfungo wa mwaka juzi!"

"Kumbe ndiye weye?" nikasema.

"Ndiye mimi, shoga. Tena umetoboka."

Mama Rukia akaja mbele kabisa, akapiga kifua. "Mimi kila akitoka namchungulia ukutani. Kila akitoka! Akichelewa kurudi silali."

Mama Hiza akawatazama wote. "Huo si ushahidi wa kuua," akasema. "Huo ni ujirani."

Nikahisi macho yananiuma, nikasema ni vitunguu.

Nainua kichwa, jiko limekuwa uwanja wa mpira. Masufuria yako katikati ya duara, moshi unakwenda golini, na Mama Hiza anatembea kando ya mstari akiokota ushahidi. Jeneza nalo limefika. Limejiegemeza kwenye mlingoti wa goli na kunipima kwa jicho.

"Dada, mnamaliza saa ngapi?" likaniuliza. "Mimi nina kwingine kwa kwenda."

"Subiri kidogo, kaka."

"Wote husema hivyo."

"Wali umeshakauka maji, jamani?" Mzee Semkunde akaita tena, safari hii kutoka jukwaani.

Wali ulikuwa umekauka maji. Mpishi alikuwa anatandaza makaa juu ya mfuniko. Harufu ya nazi ikaenea uwanja mzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ubwabwa ulinitisha.

Hapo Mama Rukia akapiga ukelele. Nyuma ya mlango wangu, mlango pekee uliobaki katikati ya uwanja bila nyumba, ameona hotipoti. Ya buluu, ina maua, mfuniko umefungwa kwa kamba ya mkonge.

Akaifungua. Tupu.

Wanawake wote wakashika midomo.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa futari kwenye bakuli, bakuli linarudi na hata malimau mawili. Mwenye kurudisha chombo kitupu ni mtu wa namna gani? Anayeweza hilo, kuua kwake kitu gani?

"Nani karudisha hii?" Mama Hiza akanguruma.

"Si mimi! Mimi nilirudisha sahani na maandazi!"

"Mimi nilirudisha na kisamvu, muulizeni marehemu!"

"Kweli, na kilikuwa kitamu," nikasema. "Sikupata kukushukuru. Asante."

"Usijali, mwenzangu."

Tukaamua tuiulize yenyewe. Tukaingia ndani ya hotipoti, mimi, Mama Hiza na Mama Rukia, tukakaa chini kwa adabu. Ndani ni kupana kama msikiti, na kuta zinanuka pilau la misiba yote ya wilaya. Hotipoti ikanyamaza. Mama Hiza akasema chombo kitupu hakina sauti, wacha kishibe kwanza. Wenzetu huko juu wakaanza kutupa walichonacho: kipande cha muhogo, nusu ya nazi, kitumbua, mkono wa ndizi ulioniangukia begani. Hotipoti ikacheua.

"Ahsanteni," ikasema. "Nina siku nyingi sijala. Haya, ulizeni."

"Nani kakurudisha kwa Mama Tunu bila kitu?"

"Sikurudishwa. Nimeletwa."

"Umeletwa lini?"

"Alfajiri. Mama Tunu alikuwa hajaamka. Nimekaa nyuma ya mlango nikamsikia anaamka, anapiga mswaki, anaanza kusimulia. Ana sauti nzuri."

"Asante," nikasema.

"Halafu nikasikia mwiko."

Mama Rukia alikuwa anataka kuuliza habari yangu ilimhusu nani, lakini Mama Hiza alimziba mdomo. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyeona sindano mchangani.

"Jamani," akasema polepole. "Jamani, jamani. Mtu anakwenda na hotipoti tupu wapi?"

"Msibani," nikasema. "Au harusini. Ili ukibaki ubwabwa afungashe, wa nyumbani nao wale."

"Na anaificha wapi?"

"Nyuma ya mlango."

"Haya. Sote tunafungasha, hakuna ubaya. Lakini mtu husikia kilio kwanza, ndipo atafute chombo. Hotipoti huufuata msiba. Hii imeutangulia! Alfajiri hapa hapakuwa na msiba, palikuwa na Mama Tunu amelala anakoroma. Aliyeiweka alijua leo patapikwa."

Nilimwangalia yule mwanamke nikaona fahari. Vitumbua vyake siku zote nilijua vina akili.

Tukatoka mbio. Nje ni nyumbani kwangu tena, na mpishi tayari amefunua sufuria. Mvuke umesimama wima kama shahidi. Jeneza limeshavua mfuniko wake na kuushika mkononi kwa heshima. Mbele ya sufuria, wa kwanza kwenye mstari, sinia mkononi, amesimama Mzee Semkunde.

"Pakua basi, mwanangu," anamwambia mpishi. "Marehemu asicheleweshwe."

Upawa unashuka kuelekea kwenye wali. Nahisi miguu yangu inapoa kuanzia vidole. Baridi inapanda mpaka magotini. Nataka kupiga kelele, na sauti hakuna.

"Upawa usiguse!" anapiga kelele Mama Hiza kwa niaba yangu. "Mzee wetu, shikamoo."

"Marahaba."

"Hotipoti ya buluu yenye maua ni ya nani?"

Mzee Semkunde akaitazama hotipoti. Hotipoti ikamtazama, ikaona haya, ikageuzia maua yake ukutani.

"Ni ya marehemu mke wangu," akasema.

Kati yetu sote ni yeye peke yake ambaye hatukuwahi kumshuku. Nani amshuku mtu anayemtegemea amzike?

Akaweka sinia chini, akakaa juu ya gogo la kuni.

"Tangu mama watoto atangulie, jiko langu sijaliwasha," akasema. "Nakula misibani. Nikitoka msiba huu naingia ule, naishi. Sasa mwaka huu mji umekuwa na afya mbaya sana. Hafi mtu! Bibi Mwanakombo alizidiwa, nikafurahi, asubuhi namkuta anapalilia bamia. Nimekaa, nimengoja. Mwishoni nikasema, Semkunde, mwenyekiti ni mtu wa kuchukua hatua."

"Na kwa nini mimi, mzee?" nikamwuliza.

Akaniangalia kwa upole.

"Nilizipitia nyumba zote, mwanangu. Wengine nikiwaua watakuja watu sita na chai ya rangi. Nikasema hapana, Mama Tunu ana watu. Kwa Mama Tunu patapikwa ubwabwa wa nazi na nyama, na utabaki. Mji mzima huu hakuna msiba utakaojaa kama wako."

Nikashikwa na haya. Sijapata kusifiwa hivyo hata siku ya harusi yangu.

"Asante, mzee," nikasema.

"Kwa kweli hapo hakukosea," Mama Rukia akasema, na ukumbi mzima ukaitika kwamba hakukosea.

Kofia ya polisi ikanyanyuka kitini. "Basi nimpeleke kituoni."

"Kituoni kuna chakula?" Mama Hiza akauliza.

"Siwezi kulizungumzia hilo kwa sasa."

"Basi haendi."

Birika likatoa hukumu, mvuke ukitoka puani. Mzee Semkunde atakula nyumba kwa nyumba, zamu kwa zamu, asubuhi, mchana na jioni, na yeyote atakayemwacha akakaa na njaa ahesabiwe amemshikia mwiko. Na marehemu ainuliwe.

Jeneza likavaa mfuniko wake. "Nilijua tu," likasema, likaondoka bila kuaga.

Wanawake wakanizunguka. Mama Hiza ananishika mkono wa kulia, Mama Rukia wa kushoto, yule wa ungo ananisukuma mgongoni, na wananivuta kama ndoo kutoka kisimani. Joto linarudi magotini, linashuka vidoleni. Nawashukuru mmoja mmoja. Namshukuru aliyenisema Jumanne akanichotea maji Jumatano. Namshukuru anayenichungulia ukutani. Naushukuru hata mwiko, umelia kidogo. Asante, nasema, asante, asanteni nyote, na bado hawajaisha, mstari umetoka mpaka barabarani.

"Unamshukuru nani?" akaniuliza mume wangu.

Kumekucha. Nimelala chali kitandani kwangu, mikono nimeinyoosha pembeni.

"Watu," nikasema.

Nikaamka, nikabandika chai. Wakati naupepea mkaa, nikasikia fimbo inagonga barabarani. Mzee Semkunde anapita, kama anavyopita kila asubuhi.

"Mmeamkaje, Mama Tunu? Hakuna habari yoyote huko?"

"Hakuna, mzee, shikamoo. Wote wazima."

"Marahaba. Wazima kabisa?"

"Kabisa."

Akashusha pumzi, akataka kuendelea na safari. Nikamwita, nikamwambia apite anywe chai, na akitaka na kesho apite. Alisita kidogo, akavua viatu. Nikamimina chai, nikamwekea vitumbua vya Mama Hiza mbele yake. Akanyanyua kikombe.

Hapo nikapiga chafya kubwa. Kiganjani kwangu kikaanguka kipande cha pamba, kidogo, cheupe, kinanuka kafuri ya kuoshea maiti.

Mzee Semkunde akakiona. Akatazama pembeni, akasema chai imekolea.

Nikamwongeza kitumbua.