Mbili-Mbili-Mbili na Mji Ulionyamaza

Ardis Tollefson hakuwahi kuona haya kupiga risasi ambayo wenzake waliiita ya kizee. Ilikuwa ile ya mbili-mbili-mbili, iliyoitwa hivyo kwa kipimo cha upana wake, nyembamba kama kipande cha penseli, na bunduki yake aliirithi kwa baba yake. Tangu jeshi lichukue risasi ya jamii yake, iliyorefushwa kidogo, maduka mengi ya mashariki ya Montana yaliacha kuiweka, na aliyeitaka ilimbidi ajaze mwenyewe. Ardis alijaza mwenyewe. Kila majira ya baridi aliteremka chumba cha chini cha nyumba, akawasha redio, akaketi mbele ya mashine ya mkono, akapima baruti, akakaza vichwa vya risasi kwenye maganda, mpaka masanduku ya hamsini hamsini yakajaa rafu. Alikuwa amestaafu upishi wa shule. Waliomjua walisema anajaza risasi kama alivyokuwa akikata keki: hakuna kipande kilichozidi kingine.

Binamu yake, Lavern Skaar, fundi wa matrekta, alikuwa wa namna nyingine. Kila ilipotoka risasi mpya yenye kasi zaidi, Lavern alitaka bunduki yake.

"Hiyo yako haipigi, dada," alikuwa akimwambia. "Inakohoa."

"Inakohoa mara moja. Yako inabweka mara tatu, ndipo kindi anageuka kuuliza kuna nini."

Lakini sababu yenyewe Ardis aliwaambia wachache. Risasi kubwa husukuma bega. Bunduki inaruka, darubini yake ya kulengea inapanda mbinguni, na unaposhusha jicho jambo limeshakwisha, unaambiwa na mwenzako. Mbili-mbili-mbili haikusukuma. Jicho lilibaki palepale kwenye kioo, ukaiona risasi inavyofika. Baba yake alikuwa akisema kwamba mtu akiua, basi na aone. Ardis aliona, miaka kumi na tisa, kila Juni, kwenye malisho ya Mzee Gorman Eide.

Kwenye malisho hayo kulikuwa na mji wa kindi wa mbuga, wale wanene wa rangi ya mchanga wanaochimba mashimo na kusimama wima mlangoni wakibweka, kama majirani wenye umbea. Walikuwa maelfu. Walikula nyasi za ng'ombe, na mara mbili ng'ombe wa Gorman alivunjika mguu shimoni. Kwa hiyo mzee aliwakaribisha wapigaji kwa kahawa na mikate ya mdalasini, akawafungulia geti, akawaambia wasiache hata mmoja, huku akijua vizuri kwamba mwakani watakuwa wengi vilevile.

Mwaka huo Ardis na Lavern walifika saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa kali, hakuna upepo. Gorman hakuja na kahawa. Aliwapungia mkono kutoka kibarazani, akarudi ndani. Wakapanda kwa pikapu hadi kwenye kilima chao, wakashusha meza ya kulengea, wakapanga mifuko ya mchanga. Lavern alikuwa akisimulia habari ya bunduki yake mpya, na ilimchukua Ardis muda kutambua kwamba anamsikia vizuri mno. Miaka yote mahali hapo watu walizungumza kwa kupaza sauti, kwa sababu kindi walikuwa wakiwabwekea tangu getini.

"Nyamaza kidogo," alisema.

Lavern akanyamaza. Hapakuwa na kitu. Wala panzi. Vilima vidogo vya udongo vilienea hadi upeo wa macho, kila kimoja na tundu lake jeusi, na hakuna kilichotikisika.

Kisha Ardis akaona kwamba hapakuwa patupu. Kwenye midomo ya mashimo, hapa mmoja, pale wawili, walisimama bundi. Bundi wadogo wa miguu mirefu, wanaokaa kwenye mashimo yaliyoachwa na kindi. Alikuwa amezoea kuona watatu au wanne kwa mwaka. Alihesabu hadi thelathini na moja, akaacha. Wote walikuwa wamewageukia wao, mchana kweupe, na hakuna aliyeruka.

"Gorman ametia sumu," Lavern alisema, ila hakusema kwa sauti ya mtu anayeamini.

"Gorman hatii sumu. Ana mbwa."

Walikaa karibu saa nzima. Ardis alipekua mji wote kwa darubini, shimo kwa shimo, na hatimaye, kwenye yadi mia mbili na kitu, akampata kindi mmoja. Alikuwa amesimama nusu nje ya shimo, kifua mbele, mikono imekunjwa, akiwatazama. Ardis alipumua kwa nafuu ambayo baadaye aliionea aibu. Akalaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akatoa pumzi nusu, akabana kifyatulio.

Mlio ulikuwa uleule mdogo mkavu. Bunduki haikutikisika, na jicho lake likaona kila kitu. Risasi ilimfikia kindi kifuani. Aling'oka shimoni, akapinduka hewani mara moja, akaanguka chali na mikono yake imekunjwa vilevile, kama kipande cha ubao. Hapakuwa na ule ukungu mwekundu wa damu aliouzoea. Hakutupa mguu.

"Umempata," Lavern alisema.

Ardis aliendelea kutazama, na kadiri alivyotazama ndivyo nywele za mikononi zilivyomsimama.

"Lavern, yule hakuwa hai."

"Amesimama vile halafu hakuwa hai?"

"Nimeona inavyoingia. Hakuwa hai."

Lavern alicheka kidogo, akasema mambo ya umri na miwani, kisha akashika njia kwenda kumwonyesha. Ardis akamfuata. Walipokaribia, bundi waliwapisha kwa hatua chache tu, wakitembea, wakageuza vichwa kuwafuata kwa macho. Harufu ilikuwa ikitoka chini, kutoka mashimo yote kwa pamoja, kama pumzi ya mgonjwa katika chumba kilichofungwa.

Kindi alikuwa mgumu kama gogo. Risasi ilikuwa imempasua, na mpasuko wenyewe ulikuwa mkavu. Alikufa akitoka shimoni, akakwama pale mlangoni, akakaukia wima. Lavern alimwinua kwa mkono mtupu, akamgeuza huku na huku, na uso wake ukapoteza mzaha.

"Tangu lini umesimama hapo, wewe?" alimwuliza yule mnyama kwa sauti ya chini.

Ardis alitazama chini kwa sababu alihisi kitu kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amevaa soksi nyeupe. Soksi zilikuwa zikigeuka rangi. Vidoa vidogo vyeusi vilitoka kwenye mdomo wa shimo, vikaruka, vikanasa, vikapanda. Vingi, bila sauti, kama mchanga uliopata uhai. Ilikuwa njaa ya siku nyingi iliyosikia hatua za kitu chenye damu.

"Mtupe," alisema. "Lavern, mtupe. Viroboto."

Walikimbia hadi kwenye pikapu, watu wawili wazima wenye zaidi ya miaka hamsini. Ardis alivua soksi na suruali palepale kwenye nyasi bila kujali, akajikung'uta, akamlazimisha Lavern avue shati. Kwenye mkono wake wa kulia kulikuwa na alama nne nyekundu, karibu na kiwiko. Lavern alisema kuumwa na kiroboto si habari.

Getini, Gorman aliwakuta akiwa ameshika kofia mkononi. Alikiri kwamba kimya kile kilianza wiki mbili nyuma, kutoka upande wa mto, kikasogea kila siku kama maji yanayopanda. Alisema hakupiga simu kwa sababu alitaka mtu mwingine akione kwanza. Yeye anaishi peke yake, na ameanza kutoamini masikio yake.

Ardis alimwomba Lavern waende zahanati siku hiyohiyo. Alikataa. Ardis akawa anampigia simu kila asubuhi, na kila asubuhi alijibiwa kwa dhihaka: bado ninapumua, dada, na wewe je? Siku ya nne simu iliita tu. Alipofika nyumbani kwake alimkuta sakafuni jikoni, sikio limebanwa kwenye mbao, mwili unawaka, na kwapani uvimbe wa ukubwa wa yai.

"Wako huku chini," Lavern alisema. "Wote. Wanabweka. Husikii?"

Ardis alisikiliza. Hakujua kwa nini alisikiliza, lakini alipiga magoti akasikiliza, na kwa muda mfupi aliogopa kuinua kichwa, asije akasikia kweli.

Daktari aliyewapokea hospitalini alikuwa mwanamke kijana aliyehamia kutoka mjini. Alianza kuuliza maswali ya homa ya kawaida, na Ardis akamkata katikati: mji mzima wa kindi umekufa, viroboto wamemuuma, tazama kwapa lake. Daktari akavaa glovu za pili juu ya zile za kwanza, akaagiza dawa ianze kabla ya kipimo. Ilikuwa tauni. Ardis naye alipewa vidonge vya siku saba. Lavern alilala siku kumi na moja, saba kati ya hizo bila kumtambua mtu. Alitoka hospitalini suruali zikimpwaya, na hakukumbuka jikoni wala sakafu. Ardis hakumkumbusha.

Watu wa wilaya walikuja kunyunyiza unga wa kuua viroboto kwenye mashimo ya Gorman. Bundi waliondoka mwezi wa nane, wote ndani ya siku mbili, na mzee akahamia kwa binti yake.

Juni iliyofuata walikwenda kwenye ranchi nyingine, maili arobaini kusini. Mji wa huko ulikuwa ukibweka hadi masikio yakauma. Lavern alikuja, ila alikaa ndani ya pikapu, vioo vimepandishwa katika joto lile, suruali imechomekwa ndani ya buti na kuzungushiwa utepe wa gundi. Ardis alilaza shavu, akapiga mmoja kwenye yadi mia na hamsini. Aliona vizuri. Hapakuwa na shaka yoyote.

Hata hivyo alifungua bunduki, akaiacha mezani, akaanza kutembea. Lavern alipiga honi. Akapiga tena, kwa muda mrefu. Ardis hakugeuka. Alifika, akasimama hatua tatu kutoka shimoni, akainama kadiri alivyothubutu, akatazama damu mpaka alipoamini ni mbichi. Kisha akarudi mezani, akaweka risasi nyingine, akapiga wa pili, akasimama, akaanza tena kutembea.