Jarad, Mwenye Kuvua

Sisi Wayemeni nzige tunamwita jarad, maana yake mwenye kuvua, kwa kuwa anaivua nchi nguo zote. Asubuhi ile walilimaliza shamba letu la mtama. Mume wangu Hizam akarudi na gunia lao, anacheka.

"Washa tanuri, mama Taqiya! Wamekula mtama wetu, nasi tuwale wao."

"Bwana shamba kasema wamepigwa dawa."

"Aa, yule! Kazi yake kututisha tu. Babu zangu wamewala, walikufa?"

Nami, mjinga, nikawasha. Nilikuwa nimefunga, nikawapakulia yeye na binti yetu.

Hizam alitapika, akapona. Jioni wanawake wakaja kumvua Taqiya nguo, wamwoshe kabla ya sanda. Niliwafukuza. Nilimvua mwenyewe.